Shati Jeupe la Siku ya Kupima

Niliingia kwenye kamati ya maji taka ya mji wetu kwa sababu ya shati jeupe. Wenzangu wakiulizwa watasema waliingia kwa ajili ya maendeleo, au afya ya watoto, au kwa vile chifu aliwaomba. Wacha waseme. Wengine walifuata chai na mandazi ya mkutano na kila mtu alijua. Mimi angalau nilikuwa na sababu yangu mwenyewe, na sababu hiyo ilikuwa imepigwa pasi na kufungwa vifungo mpaka shingoni.

Mume wangu alikuwa mtunzaji wa mabwawa. Si mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, hapana. Mji wetu uko upande wa Kitui, kwenye njia ya kwenda Kabati, na wakati ule, mwishoni mwa miaka ya sabini, mabomba ya maji taka yalikuwa yamefika hospitalini, shule ya bweni, nyumba za wafanyakazi wa serikali na mstari mmoja wa maduka. Sisi wengine tulibaki na vyoo vyetu vya shimo. Uchafu wa hao waliobahatika uliteremka kwa bomba hadi chini ya mji, ukaingia bwawa la kwanza ukatulia. Uzito ulizama chini ukawa tope, maji yakapita bwawa la pili yakapigwa na jua mpaka yakawa ya kijani, halafu yakatokea kwenye bomba la mwisho na kupotelea kwenye mchanga wa mto mkavu. Yeye kazi yake ilikuwa kuondoa utando juu ya maji, kufyeka nyasi za kingo, kuzibua palipoziba na kufukuza mbuzi wa watu.

Na aliipenda hiyo kazi, jamani. Nampakulia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, anakula huku ananiambia habari za mabwawa kama mtu anayesimulia habari za jamaa zake. "Wa kwanza leo amenuna," anasema. "Wa pili ameamka vizuri, kijani kabisa." Mimi natoka Tawa, enzi hizo bado tukihesabiwa Machakos, na niliolewa nikijua naenda kwa mtu anayefanya kazi ya maji. Ndivyo nilivyowaambia dada zangu. Hawakuuliza maji gani na mimi sikuwafafanulia.

Nyumbani tulikuwa na utaratibu. Buti za mpira zilikaa nje ya ua. Maji ya kuoga nilimwekea nyuma ya nyumba, na sabuni ya kipande, na mikono aliiosha mara mbili kabla sijampa kikombe. Hakuwahi kulalamika. Sokoni wanawake walinitania, "Mke wa Bwana Mabwawa, leo umetuletea nini?" halafu wanashika pua na kucheka mpaka wanaegemeana. Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Basi mji ukaanza kukua. Shule ikaongeza bweni, hospitali ikaongeza wodi, maduka yakajengwa mstari wa pili, na kila jengo jipya likachomeka bomba lake kwenye bomba lile lile la zamani. Mabwawa yakalemewa. Upepo wa alasiri ukibadilika, harufu inapanda mpaka kwenye jukwaa la mhubiri wa sokoni, na mahubiri yanakuwa mafupi. Baraza la mji likaomba serikali ipanue mabwawa, na serikali ikajibu kwamba kwanza itamtuma mtaalamu kutoka Embu awe anakuja kila mwezi kupima kama kweli yamejaa.

Mtaalamu akaja. Alikuwa msichana, amevaa suruali.

Asubuhi ile, kabla sijajua lolote, niliamka nikamkuta mume wangu anapiga pasi. Mwenyewe! Makaa ameyatia, pasi anaipuliza, na mezani limelala shati jeupe, lile la arusi yetu ambalo baadaye lilitoka sandukuni Krismasi kwa Krismasi tu.

"Unaenda kanisani?" nikamuuliza.

"Naenda kazini."

"Kazini kwa nani?"

"Kwa mabwawa, Mama Watoto. Kuna mgeni."

 Jioni alirudi akiwa na shati halina hata doa, akaenda nyuma ya nyumba akaoga akipiga mluzi. Huyu mtu! Tangu anioe sikuwahi kumsikia akipiga mluzi. Wakati wa kula nikasubiri habari za wa kwanza na wa pili, na badala yake nikaletewa habari za yule wa Embu. Yule wa Embu amesema hivi. Yule wa Embu anajua kusoma rangi ya maji. Yule wa Embu hakuziba pua. Nikasukuma sahani pembeni nikasema nimeshiba.

Mwezi uliofuata, shati. Mwezi mwingine, shati tena, na nywele zimechanwa. Mimi nina macho. Nikajiambia, leo leo.

Nilichukua kiondo kama mtu anayetafuta mboga za porini, nikateremka mpaka kwenye ua wa minyaa unaozunguka mabwawa, nikachungulia. Gari la serikali lilikuwa limeegeshwa kivulini. Mume wangu alikuwa ametoka tu kuzibua kitu, mikono inachuruzika maji, maji hayo hayo. Yule msichana akashuka garini, akatembea moja kwa moja mpaka alipo, akampa mkono. Naye akampa wake. Wakasalimiana kama watu waliokutana arusini, wakiutikisa, mkono ambao mimi mkewe nilikuwa siugusi mpaka uoshwe mara mbili.

 Na bado sikuwa nimeona kitu. Palikuwa na ubao mwembamba uliotoka kwenye kingo ukaingia juu ya bwawa la kwanza, wakaupanda wote wawili, mume wangu amemshikilia msichana kiwiko asianguke. Msichana alikuwa ameshika fimbo ndefu, ndefu kupita mtu, na fimbo hiyo ilikuwa imevishwa kitu cheupe kilichofungwa kwa sisali. Nikakaza macho. Kilikuwa taulo. Nikalijua lile taulo! Siku ya arusi yetu akina mama wa kanisa walitupa mataulo mawili meupe, mazito, yenye manyoya, ya kwetu sote wawili, na mimi nikayafungia sandukuni kwa sababu vitu vizuri hivyo si vya kufutia jasho. Sasa langu lilikuwa mkononi mwa mwanamke mwingine, tena linazamishwa kwenye choo cha mji mzima.

Sikumbuki nilivyopita kwenye minyaa. Nakumbuka nikiwa kwenye kingo napiga kelele. "Taulo langu! Haiya, taulo langu la arusi! Nyinyi wawili hamna haya?"

Mume wangu alikufa ganzi juu ya ubao. Msichana wala hakushtuka; alikuwa anavuta fimbo pole pole, na hangeiacha kwa ajili ya makelele yangu. Ilipotoka yote akanionyesha. "Shikamoo mama," akasema. "Ona hapa."

Taulo lilikuwa jeusi tititi kutoka chini mpaka karibu na juu, na juu kidogo tu lilibaki na unyevu. Akanieleza, na alikuwa na sauti ya upole iliyozidi kuniudhi, kwamba tope hushika kwenye manyoya ya kitambaa na maji hayashiki, kwa hiyo ukitazama weusi unajua tope limefika wapi. "Bwawa ni kama sufuria, mama. Hii yetu imejaa ukoko. Mnapika juu ya ukoko."

Nilielewa, mimi si mjinga. Lakini nilimkata jicho, nikalifungua taulo kwenye fimbo kwa mikono yangu, nikaondoka nalo likinidondokea kwenye gauni njia nzima.

Nyumbani nililifua. Maji yalikuwa ya kununua kwa punda na nililifua hivyo hivyo, nikasugua mpaka vidole vikachubuka, na weusi ulipoanza kutoka pindoni nikaona uzi. Akina mama walikuwa wameshona mshono pembeni, mwekundu kwenye taulo la bibi arusi na wa samawati kwenye la bwana arusi. Huu ulikuwa wa samawati. Nikafungua sanduku. Langu lilikuwa mahali pake, limekunjwa nilivyolikunja mimi.

Mwanamke mwingine angefurahi. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikahesabu upya, na hesabu ikatoka vibaya zaidi. Kama angeiba langu, huo ungekuwa wizi tu. Lakini alikuwa ametoa lake mwenyewe, la siku aliyonioa, akampa yule! Na siku ya kupima iliyofuata nikalikuta limerudi kwenye fimbo.

Wakati huo huo vipimo vikakubaliwa, na serikali ikasema bwawa la tatu lichimbwe. Baraza likataka kamati ya wakazi isimamie kazi: imwangalie mkandarasi asifupishe kina cha shimo, iwepo kila siku ya kupima, na ilete maneno ya watu kwenye baraza. Walitaka wazee kadhaa na mwanamke mmoja. Akina mama wa kanisa tulikutana baada ya ibada kumchagua, na wote walikuwa wamekubaliana juu ya mke wa mzee fulani wa kanisa, mama mtulivu, msomaji mzuri wa Biblia. Nikasimama.

"Huyo mama anajua nini kuhusu maji taka?" nikasema. "Mimi nalala nayo kitanda kimoja."

Walicheka, wakanichagua. Na kuanzia hapo, gari la serikali likiingia tu, mimi niko pale nimesimama, kitambaa kichwani, mikono kiunoni. Kiwiko hakikushikwa tena. Lakini wivu, ukiwa karibu ndio unaona zaidi. Nilikuwa naogopa kuwakuta wakikonyezana, na nikawakuta wakizungumza kazi, na hiyo ikaniuma kuliko kukonyezana. Yule anaanza, "Tope la upande wa kuingilia..." na mume wangu anamalizia, "...limepanda kuliko la kutokea." Yule anainama kunusa, na mume wangu anajua atauliza nini kabla hajainuka. Mimi na yeye tulikuwa na watoto na shamba na miaka, na hatujawahi kumaliziana sentensi hata moja. Nikiwa nyumbani nikisema "Lile jembe...", ananiuliza, "Jembe gani?"

Basi nikajifunza, kwa kijicho tu. Nikajua bomba la kuingilia na la kutokea, nikajua rangi ya maji yenye afya na ya maji yanayougua. Nikiwa na la kusema nalisema kwa sauti kubwa, ili wote wawili wageuke. Waligeuka, ndiyo. Msichana akatabasamu akasema, "Mama yuko sawa kabisa." Nani alimuuliza?

Bwawa la tatu likaisha kuchimbwa na maji yakafunguliwa yaingie. Na ndipo ikaja ile njaa kubwa ya miaka ya themanini. Wasiokuwa Ukambani wakati huo hawawezi kuelewa. Mito ilikuwa mchanga mtupu, wanawake wanachimba kisima ndani ya mchanga na kungoja maji yajikusanye kama machozi. Ng'ombe walisimama barabarani hawana nguvu ya kupisha gari. Na pale chini ya mji kulikuwa na mabwawa matatu yamejaa pomoni, yanang'aa, na mwisho wake bomba linalomwaga maji usiku na mchana kwenye mchanga, yanapotea.

Mwenyekiti wetu wa kamati alikuwa mzee wa heshima mwenye ng'ombe wengi waliobaki mifupa. Alisimama mbele ya bomba lile la mwisho, akalitazama kwa muda mrefu.

"Hii maji inaenda wapi?" akauliza.

"Inaenda tu, mzee," mume wangu akamjibu.

"Inaenda tu! Asi! Na sisi tunakufa?"

Sisi Wakamba, ukitufundisha kuzuia maji umetufundisha kila kitu. Tunachimba mitaro kwenye shamba ili tone lisiteremke, tunajenga kuta kwenye mito ili mchanga ushike maji. Kumwambia mtu wetu aache maji yaende zake, mwaka wa njaa, ni kumwambia afungue zizi aache mbuzi waende zao. Hakuna aliyeona ubaya. Mwenyekiti aliita mwethya, kikundi chetu cha kazi za pamoja, na siku iliyofuata wanawake wakafika na majembe na makarai, wanaimba, kuziba bomba la mwisho kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Maji yangebaki, nyasi zingepandwa kandokando, ng'ombe wangepata chochote.

Mume wangu akaenda akasimama mbele ya bomba.

"Msizibe," akasema. "Haya si maji ya bwawa la kawaida. Lazima yatoke ili mengine yaingie. Yule dada alisema isizibwe kabisa."

Angeishia kwenye "mengine yaingie", labda ningemsikiliza. Ningeweza hata kumsaidia, maana nilijua ni kweli. Lakini yule dada alisema! Mbele ya wanawake wote wa mwethya, mbele ya wale walioshika pua sokoni! Wakanigeukia wote waone nitafanyaje. Nikajitwika karai, nikamzunguka mume wangu, nikamwaga udongo wa kwanza kwenye mdomo wa bomba. Nilijisikia vizuri mno. Wanawake wakapiga vigelegele, na bomba likazibwa kabla jua halijawa kali.

Kwa siku kadhaa kila mtu alikuja kuyatazama yale maji yaliyopanda. Halafu yakakosa pa kwenda. La tatu likajaa likasukuma la pili, la pili likasukuma la kwanza, na la kwanza likasukuma bomba kurudi mjini. Siku ya soko, saa ya watu wengi, vifuniko vya chuma vya mtaro vikaanza kuinuka mbele ya maduka, vikitoa povu. Watu walikimbia na mizigo yao. Mama mmoja aliyetoka Kwa Vonza na kuku wake aliwaacha kuku akakimbia, na kuku nao wakamfuata. Huko chini tuta la bwawa la tatu lilianza kuvuja jasho, na chini yake kulikuwa na nyumba za watu.

Mume wangu aliingia majini na sururu. Aliingia mpaka kifuani, kwenye yale maji, peke yake, akavunja mawe ya mwethya moja moja kutoka asubuhi hadi jua lilipoinama, mpaka bomba likapumua. Nilikuwa kwenye kingo nampokelea mawe.  Alipotoka alikuwa anatetemeka, na nilimfunika kwa leso yangu.

Baada ya hapo wakaja wakubwa wa baraza, na yule wa Embu, tukaitwa wote kando ya bwawa. Mkubwa mmoja akauliza, "Nani aliziba?"

Wazee wa kamati walitazama viatu vyao. Mwenyekiti alianza kukohoa. Halafu nikasikia sauti ya mume wangu.

"Ni mimi."

Nikamtazama yule msichana. Alikuwa anamtazama mume wangu, macho yake yamejaa huruma, yamejaa heshima, sijui yamejaa nini. Na mume wangu ameinamisha kichwa kama mtu mwema. Roho iliniruka. Abebe lawama yangu awe shujaa mbele ya huyu? Mimi nipo!

"Mwongo!" nikasema. "Usimsikilize huyu, bwana mkubwa. Yeye alikataa. Alisimama hapa akatukataza, na sisi tukaziba, sisi wote, kamati na mwethya. Karai la kwanza lilikuwa langu, na mwenyekiti ndiye aliyetuita, aache kukohoa!"

Haikusaidia sana. Walisema mtunzaji ni mtunzaji, na bomba likizibwa mbele ya macho yake lazima awajibike. Wakamwondoa mabwawani, wakampeleka kufagia soko, na wakamkataza kukanyaga tena ndani ya ule ua wa minyaa. Palepale ikabidi kamati itoe mtu wa kushika fimbo siku za kupima. Wazee wakaangaliana, hakuna aliyenyoosha mkono kuligusa lile taulo. Yule wa Embu akaniangalia mimi. Nikaichukua fimbo, kwa sababu kama si mimi angemtafuta mwingine wa kumshika kiwiko.

Nyumbani mume wangu alikaa kwenye kigoda bila kula. "Ungenyamaza tu," akasema.

"Ili uonekane mzuri mbele yake?"

"Mbele ya nani?"

"Usinifanye mtoto, Baba Watoto! Mbele ya huyo wa kupigiwa pasi!"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari za nchi nyingine. Alianza kucheka, kisha akaacha.

"Mama Watoto, mji wote huu ukiniona unaziba pua," akasema. "Nikiingia dukani wananiambia nisubiri nje. Huyo msichana siku ya kwanza alinipa mkono. Hakuuliza kama nimenawa. Alinipa tu. Sasa mtu akikupa mkono namna hiyo, si utavaa shati?"

 Niliangalia nje, kwenye beseni lake la kuogea na kile kipande cha sabuni juu ya jiwe. Nikamwambia chakula kinapoa.

Nikawa mpimaji. Bwawa la kwanza lilikaushwa, vibarua wakalifukua tope lote kwa msimu mzima wa kiangazi, na wakati huo tulipima la pili na la tatu. Yule msichana alinisalimia kwa mkono kila akija, na kila mara aliuliza, "Mzee hajambo?" Nilimjibu hajambo, fupi namna hiyo. Nikimaliza, sikuiacha fimbo pale. Niliiweka begani nikapanda nayo mjini, inanuka, watu wananipisha njia, mpaka sokoni kwa yule mfagiaji. Alikuwa ananiona kutoka mbali, anaweka ufagio chini, anakuja. Anagusa weusi kwa kidole, anaupima, ananusa, anauliza maji yalikuwa rangi gani. Uso wake unafunguka wote. Na mimi nimesimama hapo na jasho langu, nimebeba fimbo ile kutoka chini ya mji, namwona mume wangu akilitazama tope kwa macho ambayo sijawahi kutazamwa nayo. Yule wa Embu alikuwa amerudi Embu. Wivu ulibaki nami sokoni, na sasa niliweza kuona nilikuwa namwonea nani. Nilikuwa nambeba mke mwenzangu begani kila mwezi na kumleta mwenyewe.

Taulo likaisha. Liliraruka, manyoya yakatoka, likabaki nyuzi. Bwawa la kwanza lilikuwa limefunguliwa upya na siku ya kulipima ilikuwa imefika. Nikafungua sanduku nikatoa taulo langu, lenye uzi mwekundu, nikaliweka mezani.

"Funga hili kwenye fimbo," nikamwambia.

Aliligusa kwa mgongo wa kidole. "Hili ni lako," akasema. "Hili haliendi bwawani."

Akalikunja nilivyolikunja mimi, akalirudisha sandukuni. Kisha akaingiza mkono chini zaidi akatoa shati jeupe. Sikuamini. Alikaa nalo kidogo magotini, halafu akashika pindo kwa meno akalichana mpaka juu, akalizungusha kwenye fimbo na kulikaza kwa sisali, fundo juu ya fundo. 

Kule bwawani msichana alishangaa. "Hii si taulo, mama."

"Ni shati."

"La nani?"

"La mume wangu," nikasema, na nikapanda ubao bila kushikwa na mtu. Nililisukuma lile shati chini, chini, mpaka nikasikia sakafu. Nikangoja. Nilipolivuta, weusi ulikuwa chini kabisa, upana wa kiganja, na juu yake kote ni unyevu tu. Msichana alipiga makofi.

Nilipanda mjini kwa haraka. Alikuwa karibu na kibanda cha nyama, anakusanya maganda ya miwa, akaniona, akaweka ufagio chini. Macho yake yalienda kwenye fimbo moja kwa moja, akaona kile kipande kidogo cha weusi, na uso ukaanza kufunguka. Akanyoosha mkono kuligusa shati.

Nikaivuta fimbo nyuma.

"Nisalimie kwanza," nikamwambia.

Alisimama. Alitazama mkono wangu, ulikuwa na maji ya bwawa mpaka kwenye kiwiko, na akatazama wake, una taka za soko zima. Wale wanawake wa sokoni walikuwa wameshashika pua. Akanipa mkono, nikaushika, nikautikisa kwa nguvu, na sikumwachia mpaka yeye mwenyewe aliponiuliza kama nimechoka.